Jino la Mbele Lisomwe Kwanza

Kazi yangu ya utabibu wa meno nimeifanya yote Nyanda za Juu Kusini, sehemu kubwa Mbeya na iliyobaki Iringa, na kama kuna jambo moja ninalolitetea baada ya kustaafu, ni kwamba jino la mbele lisikatwe kwa ajili ya urembo kabla halijasomwa. Tulioanza kazi zamani tulifunzwa kung'oa na kuziba, kwa kuwa mgonjwa alikuja kwa sababu moja tu, maumivu. Miaka ya mwisho ya utumishi wangu ilileta mgonjwa wa namna nyingine, asiyeumwa jino lolote, mwenye simu yenye picha ya tabasamu la msanii, na anayetaka vinia, yaani ganda jembamba linalogundishwa kwenye uso wa mbele wa jino. Simlaumu. Kijana anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka ana tatizo la kweli, na mhudumu wa afya anayemwambia hayo ni mambo ya anasa anamkosea. Ninachopinga ni haraka ya kuanza kukata.

Enameli, lile tabaka jeupe la nje, ni madini kwa kiasi cha asilimia 96 hivi, na haina chembe hai ndani yake. Ngozi ikikatwa huota upya na mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli iliyoondolewa imekwenda moja kwa moja. Tena ni nyembamba. Kwenye kato kubwa la juu hufikia karibu milimita moja upande wa ncha, kisha hupungua hadi chini ya nusu milimita karibu na fizi. Vinia ya kauri kwa kawaida hudai kuondoa milimita 0.3 hadi 0.7 za uso wa mbele. Mkono ukizidi kidogo tu, unakuwa umeingia kwenye dentini, yenye vijitundu vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, na hapo ndipo maji ya baridi ya asubuhi ya Mafinga au Uyole yanapoanza kuwa adhabu.

Enameli hiyohiyo ni kumbukumbu ya utoto. Taji la kato kubwa la juu huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, na hukamilika akiwa na miaka minne au mitano. Homa kali, utapiamlo au ugonjwa mrefu wa kipindi hicho unaweza kuacha mfereji au mstari wa vijishimo, na mstari huo hukaa kwenye meno yote yaliyokuwa yakijengwa wakati huo, kulia na kushoto. Doa likiwa kwenye jino moja tu, mimi hutafuta chanzo cha karibu, kama vile kuanguka kulikosukuma jino la utoto juu, au usaha uliokaa muda mrefu kwenye mzizi wake. Hapa siwezi kuyapita meno yanayoitwa ya nailoni au ya plastiki. Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kupata homa ana meno mabaya ndani ya fizi, na kwamba yachimbuliwe. Kinachochimbuliwa ni mbegu ya chonge ya utoto. Mtoto akipona hatari ya kupoteza damu na maambukizi, miaka kadhaa baadaye anaweza kuota chonge iliyoharibika, au asiote kabisa, na kato la pembeni likaota na dosari. Kuvika vinia kinywa kama hicho bila kujua yaliyokipata ni kupaka rangi ukuta ambao msingi wake haujakaguliwa.

Dosari za kuzaliwa nazo zinadai usomaji uleule. Kwa wastani, watu wawili hivi katika kila mia duniani wana kato la juu la pembeni lililo dogo na lenye umbo la kigingi. Wengi hulihesabu kuwa suala la sura tu, ilhali mara nyingi kigingi huandamana na jino jingine kukosekana, au na chonge ya kudumu iliyopotea njia ikalala kwenye kaakaa na kuula mzizi wa jirani yake. Kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja mwenye kigingi, kwanza hutafutwa chonge, kwa kidole na kwa picha ya eksirei. Kuna pia jino lenye kishimo kidogo nyuma yake, ambacho ni mlango wa mkunjo wa enameli uliozama ndani. Wadudu hupita humo hadi kwenye kiini, na jino likafa bila kutoboka mbele. Kishimo hicho huzibwa mapema, kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Lipo na jino lenye pembe ya ziada nyuma, ambayo ndani yake huwa na tawi la kiini, kwa hiyo mtu akiisaga kwa mkupuo mmoja huamsha maumivu ambayo hayakuwepo.

Meno yaliyogeuka kahawia kwa floraidi ya maji yana hoja nzito zaidi ya kutaka vinia. Kwenye mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida maji ya maeneo mengi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watu waliokulia huko wapo wengi Mbeya na Iringa kwa kazi, ndoa na biashara. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yanaweza kubeba floraidi. Mtu anayenyimwa kazi ya mapokezi kwa ajili ya meno yake hawezi kuambiwa asubiri. Nakubali. Ila floraidi isiyo kali huchafua tabaka la juu tu, na tabaka hilo huweza kusuguliwa kwa asidi hafifu na unga maalumu, au jino likang'arishwa, na mgonjwa akaondoka na enameli yake karibu yote. Ile kali iliyomomonyoa enameli ndiyo inayostahili kufunikwa, tena kwa tahadhari, maana enameli ya namna hiyo haishiki gundi vizuri kama nyingine.

Wanaonipinga husema vinia ni teknolojia iliyothibitishwa. Ni kweli, na historia yake inanisaidia mimi. Charles Pincus wa California alipowatengenezea waigizaji wa filamu maganda ya meno mwaka 1928, aliyabandika kwa muda tu juu ya meno mazima, yakavuliwa baada ya kazi. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ya fosfori huiwezesha resini kushika enameli, na miaka ya 1980 kauri ikaanza kugundishwa kwa njia hiyo. Uimara wote wa vinia, basi, unategemea enameli iliyobaki. Anayeichonga mpaka dentini anaharibu kitu kilekile kinachoishikilia.

Wengine husema kupanga meno kwa waya ni ghali na wataalamu wake wako mbali, hasa Dar es Salaam, hivyo vinia ni njia ya haraka kwa mtu wa Tukuyu au Ilula. Hoja hii ina uzito, kwani safari ni ndefu na fedha haipo. Lakini vinia hudumu miaka kumi au kumi na mitano hivi, halafu hubadilishwa, na anayeanza na miaka ishirini atalipia mara tatu au nne, kila mara jino likipungua. Resini inayoongezwa juu ya kigingi bila kukata chochote hugharimu kidogo na ikivunjika hutengenezwa palepale. Kuna na meno yasiyohitaji lolote. Vinundu vitatu kwenye ncha ya kato jipya huchakaa vyenyewe kwa kutafuna. Mwanya wa mtoto wa miaka minane mara nyingi hupungua chonge zikiota, kati ya miaka kumi na moja na kumi na miwili, na ukibaki, kwetu mwanya ni sifa ya uzuri.

Kwa hiyo namwomba anayefikiria vinia aombe kwanza eksirei, aulize jino lake lilipatwa na nini, kiasi gani cha enameli kitaondolewa, na ni njia gani isiyokata imejaribiwa. Mhudumu asiyeweza kumjibu hayo asimruhusu kushika mashine.