Bolje, gore: maneno niliyohitaji kwa ajili ya binti yangu

Wengi wenu mnajua kwamba binti yangu ameolewa Zagreb, mji mkuu wa Kroatia. Nchi ile mnaijua kwa mpira, kwa sababu ya Luka Modrić. Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kuijua. Mama mkwe wa binti yangu hasemi Kifaransa wala Kiingereza, na mimba ilipokaribia miezi tisa, mtu wa kupokea simu nyumbani mchana alikuwa yeye peke yake. Kwetu binti akijifungua, mama anaenda kumkanda na kumpikia uji. Viza sikupata. Basi binti akaanza kunifundisha lugha kwa simu.

Hakuanza na majina ya vitu. Alianza na maneno yanayoonyesha jambo linakwenda namna gani. "Mama, kwa hayo utaulizia habari zangu." Dobro ni vizuri, loše ni vibaya, brzo ni mbio, polako ni pole pole. J yao inasomwa kama y yetu.

Kitu kilichonifurahisha ni hiki. Sisi tunasema mtoto mzuri, nyumba nzuri, lakini katika "anakula vizuri", ile vi- haimfuati mtu yeyote. Wao vile vile: mwanaume ni dobar, mwanamke ni dobra, lakini namna ya kula ni dobro tu, hata wakila wanawake mia.

Ugumu uko katika kulinganisha. Sisi tunaongeza neno pembeni: vizuri zaidi, vizuri kupita jana. Wao wanaligeuza neno lenyewe: brzo inakuwa brže, kasno (kwa kuchelewa) inakuwa kasnije. Ukitia naj- mbele, umepita wote: najbrže. Na maneno ya kila siku ndiyo yanayokataa kufuata njia! Dobro inakuwa bolje, loše inakuwa gore, mnogo (mingi) inakuwa više, malo (kidogo) inakuwa manje. Haya niliyaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani karibu na mbabula. "Kupita" yao ni nego au od: bolje nego jučer, vizuri kupita jana, brže od mene, mbio kupita mimi.

Binti alijifungua kwa kupasuliwa. Wiki ya pili, akiwa amekwisha kurudi nyumbani, homa ikampata. Nikapiga simu, mama mkwe wake akajibu: "Gore je."

Sasa sikilizeni. Gore ni "vibaya zaidi", lakini gore ni "juu" pia. Na Kikroatia hakitaji "yeye" kila mara, kwa hiyo maneno yale mawili yanaweza kuwa "hali imezidi" au "yuko juu". Binti alikuwa amenionya. Nikauliza: "Je li joj gore?" Hiyo joj, maana yake "kwake", ikiingia, hatusemi tena habari za ngazi, tunasema habari za mgonjwa. Akajibu: "Ne, ne! Gore je, spava. Malo joj je bolje." Hapana, yuko juu kwenye etaje, analala, ana nafuu kidogo.

Tangu hapo kila mchana niliuliza mambo yale yale: anakula više au manje kupita jana? Analala bolje? Nikaandika majibu kwenye kaye. Mimi naona hata sisi kwa lugha yetu tunauliza mgonjwa vibaya. Tunasema "unaendeleaje", anajibu "vizuri", na hakuna aliyejua kitu. Siku ya tatu mama mkwe akasema: "Danas joj je gore." Leo hali imezidi. Tulimpigia bwana wake kazini sisi wawili, kila mmoja na simu yake, na jioni binti alikuwa hospitalini. Dawa zilibadilishwa. Baada ya siku mbili kaye yangu inasema puno bolje, vizuri zaidi sana.

Mtoto sasa ana miezi tisa. Anatambaa brže od mene, anasema bibi yake wa kule. Yeye ameniomba nimfundishe Kiswahili, na tumeanza na "pole pole" na "kidogo kidogo", kwa sababu hiyo ya pili kwao ni malo-pomalo, na aliishika siku hiyo hiyo. "Vizuri kupita jana" bado inamshinda ulimi.