Siku za Hatari Ndizo Ninazozitafuta

Kama ulisoma huku kwetu, Homa Bay ama Migori, unazijua "siku za hatari". Ulifundishwa na mwalimu wa ushauri, ukarudiwa na wauguzi waliokuja na mabango, kisha dani akamalizia nyumbani kwa sauti ya chini. Sikatai, ujumbe ulihitajika. Mimba za utotoni tumeziona darasani, na kwa HIV kaunti zetu mbili hukaa juu kwenye orodha ya nchi. Lakini angalia kilichotokea: msichana wa miaka 18 anajua vizuri sana siku za kuogopa, na hakuna mtu amewahi kumwambia siku hizo hizo zinafanyaje kazi akizitaka.

Mimi nazitaka. Niko na miaka 27, nimeolewa miaka miwili, na huu ni mwezi wa 14 tunajaribu. Kila nikiweka video lazima kuna mtu wa kuniuliza, "Na mtoto je?" Leo najibu, na jibu ni refu.

Kwanza hii siku ya 14. Kila mtu anaijua, hata makanga. Shida ni kwamba yai haliangalii hedhi yako ilianza lini. Hedhi inayofuata ndiyo inayolifuata yai, kwa kawaida kama siku 14 baada yalo kutoka. Kwa hivyo mwenye mzunguko wa siku 28 atapata siku ya 14, sawa. Wangu huwa 31 hadi 35. Piga hesabu: yai langu linatoka kati ya siku ya 17 na ya 21. Programu niliyoweka kwenye simu ilinipa siku ya 14 asubuhi ya kwanza kabisa, kabla haijajua lolote kunihusu. Ilikuwa na maua ya pinki na kila kitu.

Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume ndizo zinavumilia, zinaweza kukaa ndani hadi siku 5. Ndiyo maana watafiti wa Marekani, Allen Wilcox na wenzake, walipowafuata wanawake 221 na kuchapisha matokeo mwaka wa 1995, mimba zote zilitokea ndani ya siku 6: tano kabla ya yai na siku yenyewe ya yai. Kesho yake, mlango umefungwa.

Sasa utajuaje? Ute. Samahani kwa mnaokula. Siku hizo zikikaribia unakuwa mwingi, wazi, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Ni bure na hauhitaji bando. Kuna pia vijiti vya mkojo vya kwenye duka la dawa, vinasoma homoni inayopanda kama siku moja au moja na nusu kabla yai kutoka, ingawa mwenye matatizo fulani ya homoni vinaweza kumdanganya. Halafu kuna kupima joto kila asubuhi kabla hujatoka kitandani. Joto hupanda kidogo baada ya yai kutoka, yaani linakuambia basi limeshaondoka. Na huku ziwani, bana, joto likipanda nusu digrii swali la kwanza ni malaria. Mwezi wa 5 chati yangu ilipanda vizuri sana. Ilikuwa malaria.

Lakini ukishajua siku, bado unahitaji mtu. Mimi naishi Homa Bay mjini, mume wangu anafanya kazi Migori. Ni matatu hadi Rongo, unabadilisha, unapita Awendo, unafika umechoka na nauli imeisha. Tunaonana wikendi. Yai langu halijui wikendi. Likitoka Jumatano, mbegu za Jumapili zinaweza kuwa bado hai, ila nafasi nzuri zaidi ni siku mbili za mwisho kabla ya yai, na Jumatatu na Jumanne yeye yuko kazini. Jirani yangu ana hali ngumu kuliko yangu. Mumewe huvua omena upande wa Mbita, na omena huvuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zito. Mbalamwezi ikijaa ndipo wavuvi wanapumzika. Kwa hivyo yeye anahesabu miezi miwili, wa angani na wa mwili wake, akingoja ikutane. Hiyo hakuna programu itakupangia.

Na kuna wenzetu ambao mmoja anaishi na HIV na mwingine hana. Huku ni wengi, na wanataka watoto kama mimi. Kwao kuzijua hizi siku ni sehemu ya mpango wa kliniki: mwenye virusi anameza ARV hadi virusi visionekane kwenye kipimo, mwenzake anaweza kutumia PrEP, wanatafuta mtoto bila kuambukizana. Ukiwa hapo, usiogope kuuliza.

Sasa nije kwa lenye linaniuma. Huku mwanamke akizaa jina linabadilika, anakuwa Min fulani. Mimi bado naitwa nyar Karungu. Siyo tusi, ni kwetu, lakini naona watu wakisita kabla ya kulisema. Na kuna neno lur, ambalo hakuna aliyeniambia usoni. Mama mkwe, mama mzuri kabisa, alinitumia mizizi kwenye chupa ya soda. Mimi. Mwanawe hakutumiwa hata kijiko, na katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika kuna tatizo upande wa mwanaume, peke yake ama pamoja na la mke.

Daktari alisema ukiwa chini ya miaka 35, mkimaliza mwaka mzima bila mimba mje wote wawili. Ukifika 35, miezi sita. Hedhi ikiwa ya kurukaruka usingoje. Wote wawili, alirudia. Nilipomfikishia mume wangu akaniambia, "Kwetu hakuna mwanaume ameshindwa."

Sikubishana. Nilimwekea daftari mezani. Miezi tisa: ute wangu, joto langu, mkojo wangu, malaria yangu. Nikamwambia, "Nionyeshe ukurasa wako."

Alinyamaza wiki mbili. Wikendi alikuja, tukala samaki, tukaongea mpira. Halafu Jumanne moja saa tano usiku meseji ikaingia: "Hiyo kipimo ni pesa ngapi?"

Nilipiga simu hapo hapo. Kipimo cha mbegu kinataka akae siku 2 hadi 7 bila tendo, kwa hivyo hatuwezi kukiweka katikati ya siku zetu. Tumekiweka siku ya 8 ya mzunguko wangu, mapema, atakuja Homa Bay usiku wa kuamkia. Ameomba ruhusa kazini na akasema anaenda kwa daktari wa meno.

Leo ni siku ya 5.