Kuvunjika kwa Koleo

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aghalabu methali hii hutamkwa kwa wepesi na mtu ambaye koleo lake lingali zima. Aliyevunjikiwa huwa na swali jingine ambalo wahenga hawakulijibu: je, mhunzi hurejea vipi kiwandani ilhali hata mlio wa nyundo umeanza kumchukiza? Swali hili lilimwandama mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na isimu katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya kwa muda wa miezi ishirini na mmoja, kuanzia Machi 2022 hadi Desemba 2023. Kiwanda chake hakikuwa na moto wala fuawe. Kilikuwa tarakilishi moja kuukuu, na alichokuwa akikifua humo ni programu ya kuhesabu mizani ya mashairi.

Uraibu huu ulikuwa na chanzo chake Msambweni, katika baraza ya babu yake. Mzee huyo alikuwa malenga katika ujana wake, na mjukuu alikua akimwona akitunga bila karatasi. Alikuwa akivikunja vidole vyake kimoja kimoja, vinne vya mkono wa kulia kisha vinne vya mkono wa kushoto, huku vidole gumba vikiachwa nje ya hesabu. Vidole vinane vikiisha, ukwapi umetimia. Vinane tena, na utao umetimia. Mshororo ukizidi kidole kimoja, mzee alitikisa kichwa na kuanza upya. Mjukuu alipofika chuoni na kufunzwa kidogo elimu ya tarakilishi, wazo la kwanza lililomjia ni kuipa mashine vidole vya babu.

Alianza kazi hiyo mwaka wa 2021, naye alistaajabu kuona jinsi Kiswahili kilivyomrahisishia mambo. Kwa kuwa silabi nyingi za lugha hii ni wazi, yaani huishia kwa irabu, mashine ilihitaji tu kuhesabu irabu. "Kitabu" lina irabu tatu na mizani tatu; "kuondoa" lina irabu nne na mizani nne. Tatizo lilikuwa nazali zinazosimama peke yake kama silabi. Katika "mtu", "mke" na "mti", herufi ya kwanza ni mizani kamili. Katika "nchi" pia, n ni mizani, lakini katika "njaa" n hiyo imeungana na konsonanti inayoifuata. Kijana akaandika kanuni moja baada ya nyingine. Alipoona kuwa "mbuzi" na "mbegu" yana mizani mbili mbili, aliiamuru mashine isiihesabu m yoyote inayotangulia b. Usiku huo alirudi bwenini alfajiri, hajala, na moyo wake mweupe kama wa mtoto aliyepewa nguo ya Idi.

Mwezi wa Machi 2022 alialikwa kuionyesha kazi yake mbele ya wanachama wa chama cha Kiswahili chuoni. Wahadhiri wawili walihudhuria. Kwa fahari, kijana alichagua kuanza na mshororo wa babu yake:

Nyumba mbaya huanguka, mtu mbaya huwika.

Mashine ilihesabu mizani nane katika ukwapi. Katika utao ikahesabu saba, kisha ikaandika kwa wino mwekundu neno ambalo yeye mwenyewe aliifundisha: guni. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja wa nyuma alipaza sauti, "Mashine imemfelisha babu!" Mhadhiri mmoja, pasi na nia mbaya, alisema kuwa programu ni nzuri ila haijui Kiswahili. Kijana alicheka pamoja nao, akazima tarakilishi, akaketi.

Ikumbukwe kwamba alilijua kosa hilo usiku uo huo. "Mbaya" la nyumba lina mizani mbili, mba-ya, kwa sababu nyumba ni ya ngeli ya I-ZI. "Mbaya" la mtu lina mizani tatu, m-ba-ya, kwa sababu m hiyo ni kiambishi cha ngeli ya A-WA kilichobaki baada ya "mu" kupoteza irabu yake. Herufi ni zilezile, mpangilio ni uleule, lakini mizani si sawa. Kujua kosa hakukumpa nguvu, kulimvunja zaidi. Msingi mzima wa programu ulikuwa imani kwamba herufi zinatosha, na sasa ilidhihirika kuwa hazitoshi. Aliamua kuifunza mashine ngeli za nomino zote za kamusi, moja baada ya nyingine, ili isije ikamwaibisha tena. Alianza na herufi A. Alipofika K, aliacha.

Hakuacha kwa kishindo. Kwanza ulikuja mtihani, kisha likizo, kisha tarakilishi ikahitaji kutengenezwa. Mwenzake mmoja alimkumbusha kuwa tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka wa 1974, hakuna anayelazimika kuhesabu vidole ili aitwe mshairi. Isitoshe, mnamo Novemba 2022 ilitolewa programu iitwayo ChatGPT, na haukupita muda mrefu kabla ya rafiki yake kumwonyesha kwenye rununu shairi la Kiswahili lililotungwa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mizani ya shairi hilo ilikuwa ya kubahatisha, lakini kijana hakuona haja ya kusema hivyo. Alijiuliza tu: kama mashine kubwa za dunia zinatunga, ya nini mashine ndogo inayohesabu, tena inayokosea? Walimu walimwambia angoje, hamu itarudi. Akangoja. Kila alipofungua faili zake alihisi uzito kifuani, akazifunga. Kadiri alivyongoja, ndivyo hamu ilivyozidi kuwa mbali.

Desemba 2023 alikwenda Msambweni. Alimkuta babu yake barazani, uso ameuelekeza kwenye mwanga, mtoto wa jicho umeyafunika macho yote mawili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa. Nina kazi nawe."

Kazi yenyewe ilikuwa daftari. Mashairi yote aliyotunga mzee tangu ujana wake yaliandikwa humo kwa mkono, na daftari hilo lilikuwa limewekwa kwenye sanduku la mbao ambalo mchwa walilivamia. Kurasa zilikuwa na matundu, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine yamemeza nusu ya mshororo. Mzee alitaka asomewe kila ubeti, kilichopotea akikumbuke na kiandikwe upya, kabla kumbukumbu nayo haijaliwa na mchwa wake.

Siku ya pili walifikia ukurasa ambao tundu lilikuwa limemeza nomino na kuliacha neno "mbaya" peke yake. Kijana alilisoma kama lilivyo. Mzee alianza kukunja vidole, akasita, kidole kimoja kikiwa kimeinuka.

"Sikiza," alisema. "Huyo mbaya ni mtu au ni kitu?"

"Sijui, babu. Neno la kabla yake limeliwa."

"Basi siwezi kukuhesabia. Nami ndiye niliyetunga."

Mzee alisema hivyo bila aibu hata kidogo, kisha akaagiza chai. Mjukuu alibaki amekodoa macho. Kwa karibu miaka miwili alikuwa ameona fedheha kwamba mashine yake haikuweza kutofautisha "mbaya" na "mbaya", na sasa mwenye shairi mwenyewe alikuwa ameshindwa kwa sababu ileile. Tofauti ilikuwa kwamba malenga, aliposhindwa, aliuliza.

Usiku huo alifungua faili zake. Hakuigusa ile orodha ya nomino iliyokomea herufi K. Aliandika mistari michache tu: kila programu inapokutana na neno linaloanza kwa "mb", na lisiwe miongoni mwa machache ambayo hayana utata, isimame na kuuliza, "Ni mtu au ni kitu?" Mwenye kuitumia atajibu, nayo itaendelea. Ilimchukua muda usiozidi saa moja. Aliujaribu mshororo wa nyumba mbaya na mtu mbaya. Mashine iliuliza mara mbili, akajibu mara mbili, ikaandika nane kwa nane. Hakupiga ukelele. Alihisi tu kuwa ule uzito wa kifuani haupo, na kwamba angependa kujaribu ubeti mwingine.

Asubuhi alipata matumizi ambayo hakuwahi kuyafikiria. Kwa kuwa kila kipande kina mizani nane, mashine iliweza kueleza ukubwa wa kila tundu. Katika ukurasa mmoja mshororo ulisomeka hivi: "Jembe langu lina kutu, hali", kisha tundu, kisha "shamba". Mashine ilionyesha kuwa zimepotea mizani nne. Kijana alijaribu kuziba.

"Halipendi tena shamba?" aliuliza. Hesabu ilikubali.

Mzee alicheka. "Jembe halipendi wala halichukii, mjukuu wangu. Halijui. Andika: halijui tena shamba."

Hesabu ilikubali vilevile. Mashine ilijua upana wa pengo, lakini neno lilikuwa la mtu mmoja tu duniani. Hata zile programu kubwa zinazotunga kwa kufumba na kufumbua zingeweza kulijaza tundu lile kwa maneno mia yenye mizani nne; hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingekuwa la mzee huyo isipokuwa kwa bahati.

Kisa hiki kinamfaa kila mwanafunzi aliyewahi kuiacha kazi aliyoipenda, iwe ni utunzi, uchoraji au uundaji wa vyombo. Kijana huyu hakurudishwa kazini na hamu. Hamu ilimkuta tayari yuko kazini, akifanya jambo dogo lililohitajiwa na mtu aliyeketi karibu naye. Kilichomchosha hakikuwa kosa la mizani moja, bali azma ya kuunda chombo kisichokosea na kisichomhitaji mtu yeyote. Alipokubali chombo kinachouliza, koleo lilishikika tena.

Kufikia Januari 2024, alipokuwa akijiandaa kurudi chuoni, walikuwa wamerejesha mashairi yote isipokuwa moja. Katika shairi hilo, mchwa walikuwa wamekula karibu utao mzima wa mshororo wa mwisho. Mzee aliufikiria kwa siku tatu, akakunja na kukunjua vidole, asiupate. Kijana alijitolea kuuziba kwa maneno yake mwenyewe, lakini babu alikataa.

"Uache wazi," alisema. "Atakayesoma ajue palikuwa na kitu."

Ndivyo shairi hilo lilivyochapwa. Mahali pa maneno yaliyopotea pana nukta saba, moja kwa kila mizani, na baada yake kina cha mwisho ambacho mchwa hawakukifikia.