Chumvi ya Chungu cha Wengine

Wahenga walinena kuwa mwomba chumvi huombea chungu chake. Methali hii humwondolea mwombaji haya: aendapo kwa jirani, si uroho umsukumao bali ni haja ya mekoni mwake. Aidha, walituasa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa maneno hayo wakamvisha mtoaji joho la heshima. Hata hivyo, yupo mtu mmoja ambaye methali hizi mbili zimempita kando. Ni yule aombaye chumvi kwa ajili ya chungu kisicho chake, chungu ambacho pengine hakijafinyangwa bado, kitakachowapikia watu ambao hawajazaliwa. Huyo ndiye mchangishaji wa jumuiya, na hasa yule ambaye kazi yake ni kumwendea mwenye mali na kumwomba fungu nono, au kumsihi aikumbuke jumuiya katika wasia wake. Kuomba mkate wa leo ni jambo moja. Kumwomba mzee azungumzie mali yake itakavyokuwa baada yake ni kumkumbusha kaburi lake, na si kila ulimi unaoweza kulifanya hilo bila kumjeruhi.

Miongoni mwa jamii zilizoitafakari kazi hii kwa karne nyingi ni Wayahudi. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kusafiri mbali ili aufikie mlango wa fikra zao, kwa kuwa neno lenyewe limo kinywani mwake. Sadaka ya Kiswahili ilitoka katika Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu katika ukoo wa lugha za Kisemiti. Kwa Kiebrania neno hilo ni tzedakah. Katika Kiarabu mzizi wake umeelemea ukweli, na ndiyo maana Mswahili husadiki jambo, na amkubalipo msemaji humwitikia kwa kusema swadakta. Katika Kiebrania mzizi huo umeelemea haki. Tofauti hii si ndogo. Iwapo kutoa ni hisani, basi asiyetoa amepungukiwa na ukarimu tu. Iwapo kutoa ni haki, asiyetoa amezuia kilicho cha mwenzake, na anayebisha hodi kuomba kwa niaba ya wengine si ombaomba, bali ni mjumbe wa haki.

Mjumbe huyo lakini hakuachwa atembee peke yake. Katika sheria za kale za Kiyahudi, fedha za mfuko wa maskini, uitwao kupah, zilikusanywa na watu wasiopungua wawili na kugawanywa na watu watatu. Kugawa kulihesabiwa kuwa sawa na kukata kesi ya mali, na kesi ya mali ilihitaji mahakimu watatu. Naye Musa bin Maimun, ajulikanaye pia kwa jina la Maimonides, mwanachuoni na tabibu mzaliwa wa Cordoba aliyefariki nchini Misri mwaka 1204, aliyapanga matendo ya kutoa katika daraja nane. Ya chini kabisa ni kutoa kwa kinyongo. Kutoa baada ya kuombwa kuko chini ya kutoa kabla ya kuombwa. Karibu na kilele kuna sadaka ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Kileleni kabisa kuna msaada unaomwezesha mhitaji kusimama kwa miguu yake: mkopo, ubia au kazi, ili asilazimike kunyoosha mkono tena.

Mpangilio huu humtia mchangishaji katika mtihani. Ikiwa kuombwa hushusha daraja ya sadaka, je, yeye aombaye haharibu kile anachokitafuta? Jibu la swali hili haliwezi kupatikana katika nadharia pekee. Heri kutazama maisha ya watu, na mfano ulio wazi unapatikana katika mji mdogo wa bandari uitwao Newport, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani.

Katika mji huo Wayahudi walizindua sinagogi mwaka 1763. Kiongozi wao wa sala alikuwa Isaac Touro. Vita vya uhuru wa Marekani viliivuruga biashara ya Newport na kuwatawanya watu wake. Isaac akafariki Jamaika mwaka 1783, na wanawe Abraham na Judah wakalelewa na mjomba wao huko Boston. Jumuiya ya Newport ilififia polepole kama taa inayoishiwa na mafuta. Mnamo 1822 Myahudi wa mwisho aliyesalia alihamia New York. Mwaka huo huo Abraham Touro, aliyekuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, aliaga dunia, na wasia wake ulipofunguliwa ilionekana kuwa ameacha dola 10,000 za kulitunza sinagogi la baba yake. Fedha hizo aliziweka chini ya amana ya serikali ya jimbo.

Msomaji na alitafakari tendo hilo. Huyu alitoa mali kwa nyumba ya ibada isiyokuwa na waumini. Hapakuwa na wa kumshukuru wala wa kumwombea dua. Kwa hesabu ya dunia, alimwaga maji mchangani. Lakini paa liliendelea kukarabatiwa na kuta zikasimama zikingoja. Wayahudi wengine, waliowasili Marekani kutoka Ulaya, walipohamia Newport kuelekea mwisho wa karne ya 19, hawakukuta magofu. Sinagogi lilizinduliwa upya mwaka 1883, miaka 61 baada ya kifo cha Abraham.

Judah, mdogo wake, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alihamia New Orleans mwanzoni mwa karne hiyo, akafanya biashara katika mji uliostawi kwa pamba na jasho la watumwa, jambo ambalo haifai kulisahau mtu anapousifu utajiri uliochumwa huko. Mwaka 1815, katika mapigano ya New Orleans dhidi ya Waingereza, alijeruhiwa vibaya, na rafiki yake Rezin Shepherd akamwokoa. Hakuoa. Aliishi maisha ya kimya na ya kubana matumizi. Alitoa dola 10,000 ili mnara wa Bunker Hill karibu na Boston ukamilike, akawasaidia pia Wakristo wa mji wake, ila mambo ya dini ya baba yake hakuyashughulikia sana kwa muda mrefu.

Hapo ndipo anapojitokeza mwomba chumvi wa kisa hiki. Gershom Kursheedt alikuwa kijana wa ukoo wa viongozi wa dini. Babu yake, Gershom Mendes Seixas, aliiongoza jumuiya ya Kiyahudi ya New York. Alipofika New Orleans alimkuta Judah Touro akiwa tayari na mvi na mali. Kursheedt hakumwendea na kapu siku ya kwanza. Alijenga naye usuhuba wa miaka mingi, akamrejesha taratibu katika kuyajali mambo ya watu wake. Kazi hiyo ilimchosha. Katika barua kwa Isaac Leeser, kiongozi wa Wayahudi huko Philadelphia, aliwahi kumlinganisha mzee huyo na konokono kwa jinsi alivyokuwa mzito wa kuamua. Yeyote aliyewahi kungoja neno la ndiyo kutoka kwa mtu mwenye uwezo ataielewa kalamu ya Kursheedt. Lakini konokono naye hufika. Mwaka 1850 sinagogi jipya lilizinduliwa New Orleans kwa fedha za Touro, na mwaka 1852 ukaanza wakfu wake wa hospitali, ambayo hadi leo ina jina lake.

Touro alitia saini wasia wake tarehe 6 Januari 1854. Siku 12 baadaye akafariki. Jumla ya aliyoyagawa ilikuwa takriban nusu milioni ya dola, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Sinagogi nyingi za Marekani zilipata fungu. Dola 80,000 zilitengwa kwa nyumba ya maskini wa New Orleans, dola 20,000 kwa hospitali ya Wayahudi ya New York, na dola 60,000 kwa maskini wa Jerusalem. Mashirika ya Kikristo nayo hayakusahaulika. Kwa Newport aliacha dola 10,000 za mshahara wa kiongozi wa sala na matunzo ya makaburi, ingawa wakati huo hapakuwa na kiongozi wala wa kuongozwa. Kiongozi alipopatikana hatimaye mwaka 1883, mfuko uliowekwa miaka 29 kabla ulikuwapo.

Hapana budi kuuliza swali chungu. Je, ni halali kumzungumzia mzee mgonjwa juu ya mali yake ilhali zimebaki siku chache azikwe? Mstari kati ya kusihi na kushurutisha ni mwembamba kama uzi wa buibui. Mchangishaji anayebisha hodi mara ya kwanza kwenye kitanda cha mgonjwa ni mwindaji, hata kama anawindia yatima. Kursheedt anatetewa na miaka. Aliyoyasema mwishoni yalikuwa mwendelezo wa mazungumzo marefu yaliyoanza mzee akiwa na nguvu zake. Hali kadhalika, wasia haukumtupa Rezin Shepherd, aliyemwokoa Touro vitani: yeye ndiye aliyerithi masalio ya mali baada ya mafungu yote kutolewa. Sadaka ya haki haianzi kwa kumdhulumu aliye karibu.

Kursheedt mwenyewe aliteuliwa kuwa mmoja wa mawasii, na hapo kazi yake ikageuka. Aliyekuwa mwombaji sasa alikuwa mdaiwa. Mwaka 1855 alifuatana na Moses Montefiore, tajiri mashuhuri wa Uingereza, hadi Jerusalem, ambako kiwanja kilinunuliwa nje ya kuta za mji mkongwe. Mwaka 1860 nyumba za maskini ziitwazo Mishkenot Sha'ananim zilikamilika, zikawa miongoni mwa makazi ya kwanza ya Wayahudi nje ya kuta hizo. Touro hakuwahi kuiona Jerusalem. Waliolala chini ya paa hizo hakuwajua majina wala sura. Jina lake lilijulikana, ni kweli, lakini hakuna shukrani iliyoweza kumfikia. Kwa maana hiyo wasia humsogeza mtoaji karibu na daraja za juu za Maimonides, hata kama aliombwa mara mia. Hili ndilo jibu la mtihani ule: mchangishaji hashushi sadaka akiomba mapema, kwa staha na kwa subira, anamshika mkono mtoaji wanapopanda ngazi.

Tangu zama hizo kazi hii imepata mifumo. Mwaka 1895 mashirika ya hisani ya Wayahudi wa Boston yaliungana ili yachangishe pamoja badala ya kila moja kubisha mlango ule ule, na miji mingine ikafuata. Hesabu ya wakfu nayo ni nyepesi. Mwanamke aliyezoea kuipa jumuiya dola 5,000 kila mwaka huombwa aache dola 100,000. Mtaji huo hauguswi. Ukizaa asilimia tano, mchango wake wa kila mwaka hauzikwi naye. Mwaka 2012 wakfu wa Harold Grinspoon ulianzisha mpango wa kuzifundisha jumuiya ndogo namna ya kuanzisha mazungumzo ya wasia na watu wa kipato cha kawaida, kwa kuwa wasia si mali ya matajiri pekee.

Walakini, mfumo bila uaminifu ni mtungi uliopasuka. Desemba 2008, Bernard Madoff alipokamatwa New York, ilibainika kuwa mashirika kadhaa ya Kiyahudi, likiwemo la wanawake la Hadassah na wakfu wa mwandishi Elie Wiesel, yalikuwa yamemkabidhi akiba zao. Wengi walimwamini kwa sababu wenzao walimwamini. Wale watu wawili wa kukusanya na watatu wa kugawa hawakuwekwa bure na wazee wa kale.

Upo pia uchungu wa kutokuwa na akiba. Jumuiya ya Newport, ile iliyorithi sinagogi la akina Touro, ilikubaliana mwaka 2012 kuliuzia jumba la makumbusho la Boston mapambo ya fedha ya karne ya 18, kazi ya sonara Myer Myers, kwa dola milioni 7.4, ili ipate mtaji wa kudumu wa kuendeshea shughuli zake. Jumuiya kongwe ya New York ilipinga, ikidai kuwa mapambo yale ni yake. Kesi ilipanda mahakama hadi mahakama, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaipa ushindi New York. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwaka 2019. Ndugu wa imani moja walifika kizimbani kwa sababu kizazi kimoja kilihitaji mtaji na hakikuwa nao. Dola 10,000 za mwaka 1822 zilikuwa zimefanya kazi yake, lakini hakuna wakfu unaowaondolea wajukuu wajibu wa kutoa.

Judah Touro alizikwa Newport, katika makaburi yale yale aliyoyaachia fedha za matunzo. Kursheedt alifariki mwaka 1863, naye jina lake halikuandikwa juu ya hospitali wala mtaa unaojulikana. Ndivyo ilivyo desturi ya kazi hii: chumvi ikishakolea chunguni, mlaji humsifu mpishi, pengine na mwenye chumvi, ila hapana amuulizaye aliyetumwa kuiomba. Na vyama vya wasomi, ambavyo kila mwaka huanza upya kutafuta fedha za kuchapishia jarida moja, vina la kujiuliza: ni nani ndani yao aliye tayari kuwa mtumwaji huyo, na tangu leo, kabla taa haijaishiwa na mafuta?