Ule Ua Niliung'oa Mimi

Afisa wa kilimo hakusema lolote kuhusu ule ua. Uamuzi ulikuwa wangu, na maneno niliyodai ni yake niliyatunga mwenyewe, nimesimama mbele ya wenzangu na daftari la katibu mkononi.

Kikundi chetu hulima kipande cha ardhi ukingoni mwa mji wa Kakamega: mrenda, saga, managu, mitoo, na sukuma wiki ya kuuza. Shamba lilizungukwa na ua wa maua malulu, yale ya manjano yanayojiotea kando ya barabara huku Magharibi hadi watu wakasahau kwamba yalitoka Mexico na Amerika ya Kati. Kina mama waliyakata, wakafukia majani mabichi kwenye mitaro kabla ya kupanda, na mengine wakayaloweka kwenye pipa mpaka yaoze, kisha maji yake wakayazimua na kunyunyizia mboga. Siku ya kufunua pipa, majirani walifunga madirisha.

Harufu hiyo ndiyo iliyoniponza, pamoja na habari kwamba wafadhili wangekuja kututembelea. Niliona haya. Nilitaka waya ulionyooka na nguzo zilizopakwa rangi. Nilijua kikundi kingekataa, hasa kukhu, yaani bibi, mkubwa wetu kwa umri. Basi nikasema afisa ameagiza maua yaondolewe kwa sababu yanafuga panya. Jina la serikali lilitosha. Tuling'oa hadi mizizi. Kukhu aliuliza tu, "Mwalimu, sasa mbolea itatoka wapi?" Nikamjibu tutanunua.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilijua thamani ya kile tulichokuwa tunatupa. Maua haya yalichunguzwa hapa jirani, Maseno, katika miaka ya 1990, na watafiti wa ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo-mseto, wakishirikiana na wenzao wa Kenya. Kilo 100 za majani makavu zina takriban kilo 3.5 za naitrojeni na kilo 4 za potasiamu. Fosforasi ni kidogo, haifiki nusu kilo. Walikiri pia kwamba kuyabeba ni kazi ya punda, maana jani bichi kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kwenye mahindi faida huliwa na jasho. Faida ilionekana zaidi kwenye mboga za kuuza. Yaani shamba kama letu hasa.

Tukanunua DAP, mbolea ya dukani. Siikashifu: ina fosforasi nyingi, na udongo wa huku unaihitaji kweli. Lakini ikirudiwa msimu hadi msimu bila chokaa, inaongeza asidi katika udongo ambao mvua ya Kakamega, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, imekwisha kuuosha madini. Msimu ambao pesa za kikundi ziliisha, hatukuwa na DAP, hatukuwa na chokaa, na hatukuwa na majani. Sukuma ikawa ya manjano kabla haijafika magotini. Waya nao ulikatwa usiku, ukaenda kwa wauza chuma chakavu.

Na wale wageni? Walikuja, wakanywa chai, na mmoja akauliza tunatengenezaje mbolea yetu ya asili. Nilimwonyesha pipa tupu, nikaeleza vizuri sana.

Baadaye afisa alifika kwa shughuli nyingine, na kukhu akamkabili mbele ya watu wote: kwa nini alituharibia ua wetu? Kijana wa watu alinitazama. Akaona uso wangu. "Huenda nilisema, mama," akajibu, "nisamehe." Kukhu akamsamehe, na mimi nikaendelea kuandika kumbukumbu za mkutano.

Tumeshaanza kupanda upya. Vipande vya shina hushika upesi mvua ikinyesha, na kukhu ndiye anayechagua vya kuchomeka. Kila akiinama humlaumu tena yule afisa. Jumamosi, kabla ya sala ya kufungua mkutano, nitasimama niseme ni nani aliyeagiza, na gharama ya waya na ya DAP ianze kukatwa kwenye hisa zangu.