Mlango Unahesabu, Paa Linahesabu

Mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, nina kazi mbili zinazolishana. Ya kwanza ni sali ya video: mabenchi, televisheni mbili, dekoda, na grupu, yaani jenereta, inayonguruma nyuma ya ukuta. Ya pili ni kufunga maparabola, hapa mjini na, njia ikiruhusu, hadi Kabambare na Salamabila. Kwa hiyo naijua televisheni kwa pande mbili: anachokubali mtu kukilipia akiwa nje ya nyumba yake, na anachokiacha kikiwaka akiwa kwake. Pande hizi mbili hazikubaliani. Anayetaka kujua chaneli ipi ina watu na ipi haina, akatazama upande mmoja tu, atarudi na jibu la uongo.

Mlango wangu unaujua mpira kuliko kitu kingine chochote. Februari 7, 2024, Leopards, timu yetu ya taifa, walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, watu walijaa hadi kwenye madirisha, na nilizima televisheni ya pili ili mafuta yafike dakika ya mwisho. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole kwenye kichwa kama bastola, kwa ajili ya vita vya mashariki mwa nchi. Ndani ya sali wengine walisimama wakafanya vilevile. Tulifungwa 1–0. Kesho yake, chaneli ileile ilikuwa inaonyesha wataalamu wakichambua mechi hiyo, na waliokuwa wamekaa mbele yake ni vijana wawili waliokuja kuchaji simu.

Huo ndio ugonjwa wa chaneli za michezo: ni mlima na bonde. Ukihesabu usiku mmoja, hakuna wa kuzishinda. Ukihesabu mwezi mzima, saa kwa saa, mambo yanageuka.

Mchana, jua likiwa kali na betri zikiwa zimejaa, naacha grupu ilale, nawasha televisheni ndogo kwa pano za jua, na kufungua Novelas TV. Wanaingia akina mama: wauza unga, washonaji, wasichana wa shule ambao ada ya muhula imewashinda. Hawajazi hata nusu ya mabenchi, na bei yao ni ndogo kuliko ya mpira. Lakini ni walewale. Leo wapo, kesho wapo, na asiyekuja huniuliza siku ya tatu yule mume mlaghai ameshagunduliwa au bado. Mzee mmoja alikuwa akija kumfuata mkewe akapike. Siku hizi huja mapema, hukaa benchi la nyuma, husema anasubiri.

Wapimaji wa watazamaji wana vipimo viwili kwa jambo hili. Kimoja kinauliza ni watu wangapi walipita kwenye chaneli hata kwa dakika chache. Cha pili kinauliza kila aliyepita alikaa muda gani. Mpira unashinda kipimo cha kwanza, novela inashinda cha pili. Mimi naongeza cha tatu ambacho sijakisikia kwao: mafuta. Grupu inakunywa esansi ileile kwa watu kumi na kwa watu mia, na esansi ya hapa imesafiri njia mbovu kabla ya kufika. Chaneli inayoweza kutazamwa kwa jua la mchana inaniachia faida hata ikiwa na benchi mbili tu za watu. Inayotaka usiku inahitaji umati, la sivyo nakula hasara.

Kisha kuna lugha. Novelas TV na Nollywood TV zinasema Kifaransa. Filamu za Nigeria zinapendwa hapa kwa uchawi, mashemeji na wachungaji wa uongo, lakini nusu ya walio ndani hawafuati maneno, kwa hiyo msichana mmoja aliyefika kidato cha juu huwafasiria kwa sauti. Akiwa mgonjwa, watu wanapungua. Je, hapo kilichopungua ni nguvu ya chaneli au koo la mfasiri? Nikibadilisha dekoda nikaweka Azam ya Tanzania, ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman iliyotiwa sauti ya Kiswahili, au filamu za chaneli ya Sinema Zetu, wanaingia bibi ambao hawajawahi kukanyaga sali yangu. Kasongo imezungumza Kiswahili tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na misafara ya pembe za ndovu, kwa hiyo Kiswahili cha Dar es Salaam hakiwapigi chenga, ingawa wanakicheka kwa mapozi yake. Kwa hiyo nikikwambia Sinema Zetu imeishinda Nollywood TV kwangu, usikimbilie kusema filamu za Bongo ni bora. Huenda nimepima tu ni nani aliyepelekwa shule.

Hata wapimaji wenye vyombo wana utata wao. Marekani, kampuni ya Nielsen ilianza mwaka 1987 kutumia kidude ambacho kila mtu wa nyumbani hubonyeza kitufe chake anapokaa kutazama. Kutokana na nyumba chache zilizochaguliwa ilipatikana asilimia ya nyumba zote zenye televisheni. Lakini chaneli ya kebo isiyofika nyumba zote utailinganishaje na inayofika kila mahali? Ndiyo maana kuna hesabu ya pili, inayotazama nyumba zinazoipata chaneli hiyo tu. Tuseme mtaa una nyumba 100 zenye televisheni. Chaneli ya kwanza inafika zote, na 10 zinaitazama. Ya pili inafika nyumba 8, na 4 zinaitazama. Kwa hesabu ya kwanza, 10 zimeshinda 4. Kwa hesabu ya pili, moja imepata sehemu ya kumi ya wanaoweza kuiona, nyingine imepata nusu. Mwenye chaneli ndogo ataonyesha karatasi ya pili, mwenye kubwa ataonyesha ya kwanza, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Hapa kwetu hakuna anayebonyeza kitufe. Kampuni ya Kantar, kupitia utafiti wao wa Africascope, huwahoji watu wa Kinshasa wenye miaka 15 na kuendelea. Ni kazi halali, lakini Kinshasa ina Lingala, ina chaneli nyingi za mjini zinazoshikwa kwa antena ya kawaida, na ina umeme wa shirika la SNEL hata kama unakatika. Kasongo chaneli hufika kwa parabola, au haifiki.

Na parabola nazo zinadanganya. Mwanzoni mwa 2016 kampuni ya Banro ilipoanza rasmi kuzalisha dhahabu Namoya, kule Kabambare, mishahara iliingia, na mafundi tulipata kazi. Mfanyakazi wa mgodi alikuwa akitaka kifurushi kikubwa, chenye michezo yote, na mkewe alitaka novela, na watoto walitaka katuni: nyumba moja, abonema moja, watazamaji wa aina tatu wakigombea rimoti. Mwaka 2019, baada ya mashambulizi ya wenye silaha, kazi za mgodi zilisimamishwa. Maparabola yalibaki juu ya mabati. Mtu akipita Salamabila, jirani na mgodi huo, akayahesabu kwa macho, atadhani pana soko kubwa. Mimi niliyeyafunga najua mengi yalibaki bila abonema, na mengine nimeitwa kuyageuza yaelekee setilaiti nyingine, kwenye chaneli za bure.

Huko kwenye chaneli za bure ndiko mlango wangu usikoona kitu kabisa. Hakuna mtu Kasongo atakayenilipa faranga aje kusikiliza mawaidha. Kwa hesabu ya sali, chaneli za dini zina sifuri. Lakini nenda majumbani. Huu ni mji wa Waislamu wengi, na Ramadhani nikiitwa kurekebisha parabola, kazi ni moja: "Kaka, turudishie Makka." Saa ya Makka iko mbele ya yetu kwa saa moja, lakini Isha yao ya Ramadhani huchelewa, kwa hiyo watu wakirudi kutoka tarawehe ya msikiti wa mtaa huwakuta wa Makka bado wamesimama. Televisheni inawaka mpaka mwisho, na nyumba moja huwa na majirani wa nyumba nne. Kwa Wakristo ilikuwa hivyo kwa Emmanuel TV ya mhubiri T.B. Joshua: iliachwa wazi toka asubuhi, mama anapika, sauti inasikika uani. Kidude cha Nielsen kingemwandika mama huyo kama mtazamaji au msikilizaji? Mimi ningemwandika mteja mwaminifu, ila hanipi hata faranga moja, na ndiyo maana sali yangu haiwashi chaneli hizo.

Mwaka jana mfanyabiashara wa vitenge anayeleta mali kutoka Kalemie alitaka tangazo lake lisomwe kwa kipaza sauti ndani ya sali. Alitaka usiku wa mpira, kwa sababu alikuwa ameona umati. Nikamwonyesha daftari langu, usiku upande mmoja, mchana upande mwingine, na nikamwambia, "Papa, hawa wa usiku wanakuja na faranga ya tikiti tu, na akili yao iko kwa refa. Hawa wa mchana ndio wanaonunua kitambaa, na ukiwaambia leo, keshokutwa nitakuwa nao tena uwaambie bei imeshuka." Akafikiri, akaniuliza bei ya mchana. Nikamtajia kubwa kuliko ya usiku. Alikasirika, akaondoka hadi sokoni, akarudi jioni. Tulikubaliana nusu kwa faranga, nusu kwa vitenge, na vitenge hivyo mke wangu aliwauzia walewale wa Novelas TV.