Ndivyo Nilivyoumbwa

Ndugu msomaji, hapana udhuru tuusikiao majumbani mwetu kama huu: "Mimi ndivyo nilivyoumbwa." Mwenye hasira huusema akisha kuwatukana watu wake, mwenye huzuni huusema akijifungia chumbani. Wote wamekwisha jihukumu kabla ya kujaribu, na asiyetumai kuishinda nafsi yake hapigani nayo.

Kweli, tabia hazifanani. Sayyidna Umar alikuwa mkali. Sayyidna Abubakar alikuwa mwepesi wa machozi asomapo Qur'ani, hata Bwana Mtume (S.A.W.) alipougua na kuamrisha Abubakar asalishe watu, Bibi Aisha alihofu kuwa babake hataweza kwa kilio. Lakini tazama yaliyotokea Madina siku Mtume alipofariki, mwaka 11 wa Hijra (632). Umar, aliyedhaniwa jabali, alikataa kuamini, akawatisha waliosema kuwa Mtume amekufa. Yule mwepesi wa machozi ndiye aliyeufunua uso mtukufu, akaubusu, akalia, kisha akatoka akawasomea watu aya ya 144 ya Sura Aali Imran. Umar alipoisikia, miguu ilimwishia nguvu, akaanguka chini, akakubali.

Zingatia: Abubakar hakuzuia machozi ili awe imara, wala Umar hakuushikilia ukali wake haki ilipomfikia. Tabia ilikuwa mwanzo wao, haikuwa mwisho wao.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliwajibu katika Ihya wale wasemao kuwa tabia haigeuki. Alitoa mfano wa kokwa ya tende: hiyo si mtende, lakini ikitunzwa huwa mtende. Hasira haitakiwi ing'olewe, yatakiwa ifugwe. Naye Mtume alitufundisha kuwa aliyeghadhibika amesimama, na akae. Isipomtoka, na alale. Mafunzo hayo ni ya nani, kama si ya mwenye hasira?

Basi ewe mzazi, usimwambie mtoto kuwa ana hasira za babu yake. Atakusadiki, naye atakua akiingojea hasira hiyo kama urithi. Mwambie akae, na ukae naye.

Na wewe uliye mtulivu, usimpime mwenzio kwa kipimo chako. Aliaye matangani si kwamba hana imani. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Machozi hayana lawama. Lawama ni kukata tamaa.

Wabillahi tawfiq.